Sindano Nene kwa Sahani ya Shangazi

Nilikwenda Unguja kwa sababu marehemu baba yangu alidanganya kwa zaidi ya miaka hamsini, na ushahidi niliukuta chini ya jora la kitambaa cha suruali.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini. Baba naye alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Unguja aliyehamia bara akiwa kijana na kufia huko huko. Baada ya arubaini yake niliingia kusafisha karakana, na nyuma ya rafu, chini ya jora la kijivu ambalo hatukuwahi kulikata, nikakuta sahani tatu za santuri. Si zile nyepesi za plastiki. Hizi zilikuwa za zamani hasa, nyeusi, nzito, zinazovunjika kama sahani ya udongo. Moja ilikuwa na karatasi nyekundu katikati.

Nikampigia simu Shangazi Zuhura, dada yake Baba, anayekaa Mpendae, Unguja. Nilidhani atafurahi.

"Ina karatasi nyekundu?" akauliza.

"Naam, Shangazi."

Akapaza sauti hadi nikaiweka simu mbali na sikio. "Nilijua! Nilijua tangu siku ile! Mwizi yule, Mungu amrehemu na amsamehe!"

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi alipokuwa msichana, yeye na rafiki yake Saada walichukuliwa kuitikia katika kikundi cha taarab, siku kikundi hicho kilipokwenda kurekodi. Katikati ya wimbo, msichana mmoja anaimba mstari mmoja peke yake. Shangazi anasema ni yeye. Bi Saada anasema ni yeye. Sahani waliyokuwa nayo ilipotea mwaka ule Baba alipohamia bara, na kila alipoulizwa Baba aliapa kwamba hajaiona. Sasa nadhani aliichukua ili nyumba ipate utulivu. Haukupatikana. Wale marafiki wawili walizeeka ukuta kwa ukuta pale Mpendae, wakibishana kwa mapenzi, hadi mwaka jana harusini Bi Saada alipowasimulia wanawake wote kisa cha mstari ule kama chake. Tangu siku ile hawasemeshani. Kikombe cha sukari wanakiombana kwa kumtuma mtu.

"Na Jumapili Saada anahama," Shangazi akasema, sauti imeshuka. "Anakwenda Maskati kwa bintiye. Moja kwa moja. Njoo na hiyo sahani, Abdalla. Na uje na kitu cha kuipigia."

Kitu cha kuipigia sikuwa nacho. Lakini nilijituliza: shida hapa ni sindano tu, na sindano ndiyo kazi yangu ya miaka ishirini na tano.

Jumatano nilivuka kutoka Dar es Salaam. Sahani nilizishonea mkoba wa sponji wenye mifuko mitatu, kazi safi, nikaupakata njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Bandarini Unguja mkaguzi wa mizigo akaubonyeza.

"Nini humu?"

"Sahani."

"Za chakula?"

"Za santuri."

Akamwita mwenzake, wakachungulia wote wawili. "Nani anaimba?" akauliza yule mwenzake.

"Ndilo nililokuja kulitafuta," nikamjibu. Akanipisha upesi, kama mtu asiyetaka kusikia zaidi.

Alinipokea Haji, mtoto wa Shangazi, na Vespa yake ya rangi ya maziwa. Haji ni mtu mpole mwenye majibu ya kila kitu, na majibu yake karibu yote hayafai. Njiani kwenda Mpendae alinishauri tuitie sahani kwenye simu. Nilipomuuliza vipi, akasema wako vijana wanafanya hivyo.

Shangazi tulimkuta uani, anachambua mchele.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Hakuigusa. Aliitazama tu, kwa muda, huku amejishika shingo. Kisha akakohoa kidogo na kusema kwa sauti ya kupita ukuta, "Alhamdulillahi, ushahidi umefika!" Upande wa pili wa ukuta, mtu aliyekuwa anafua alianza kupiga nguo kwa nguvu zaidi.

Alhamisi asubuhi Haji alinipeleka Darajani, kwenye duka moja la vyombo vya umeme. Muuzaji alikuwa kijana mwenye manukato mengi. Alituwekea juu ya meza kisanduku cha buluu chenye kishikio, ukikifungua ndani kuna sahani ya kuzungusha, mkono wenye sindano, na spika humo humo.

"Hii inapiga kasi zote tatu," akasema. "Na ina blutuu."

Niliinama kuikagua sindano kama ninavyokagua za cherehani. Nyembamba, imenyooka, haina kutu. Nikatikisa kichwa kwa ubingwa. "Sindano safi hii," nikamwambia Haji, naye akaafiki.

Namshukuru Mungu kwamba sikutoa ile ya karatasi nyekundu. Nilitoa moja ya zile nyingine mbili. Mkono ulishuka juu yake kwa uzito wa pasi ya mkaa, na ikatoka sauti kama ya mtu anayekaanga dagaa, na ndani ya kikaango kuna mwingine anaomba msaada. Tulisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Nilipoifuta sindano kwa leso, leso ilibaki na unga mweusi.

"Vumbi la zamani," akasema muuzaji, akatuvuta upesi kwenye mtambo mkubwa wenye spika mbili zinazonifika kifuani. "Kama mna ugomvi wa nani kaimba, dawa ni hii. Hii ni stirio. Inatenganisha. Shangazi yako atatokea kulia, na yule bibi mwingine atatokea kushoto. Hapo hakuna wa kukataa."

Sitaficha, lilinichoma moyoni lile neno. Niliwaona kabisa kwa macho ya akili, kila bibi na spika yake. Nilikuwa nshaanza kuuliza kama watatufikishia nyumbani, Haji akatoa ushauri wa kwanza na wa mwisho wenye akili katika safari hii. "Tumuulize Makame kwanza."

Kabla ya adhuhuri tulikuwa Mwanakwerekwe. Fundi Makame ana kibanda nyuma ya soko, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Nilimweleza mambo yote, nikamwonyesha leso. Aliweka kioo cha kukuzia jichoni, akautazama ule unga mweusi kwa muda mrefu.

"Hili si vumbi," akasema. "Huu ni wimbo. Umeukwangua, umeuleta kwenye leso."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Makame alinieleza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. Sahani hizi za zamani mfereji wake ni mpana. Sindano ya siku hizi ni nyembamba mno kwazo, inadondoka hadi chini kwenye uchafu na kuchimba. Inatakiwa sindano nene, inayokaa juu, ikishika kuta mbili za mfereji. Na mkono uwe mwepesi. Niliyaelewa yale maneno moja kwa moja, maana mimi mwenyewe huwafukuza wanafunzi wangu wakishona turubai kwa sindano ya hariri. Nilichokuwa sielewi ni kwa nini nilitikisa kichwa kwa ubingwa pale dukani.

Makame alikuwa na kinanda cha santuri cha zamani alichokitoa kwenye redio kubwa ya mbao, kinachozunguka mara sabini na nane kwa dakika, kasi ya sahani hizi, bila kuyumba. Sindano nene hakuwa nayo. "Anayo mtu mmoja tu ninayemjua. Bi Rukia, Jambiani. Alikuwa fundi mitambo studioni, miaka mingi. Sasa analima mwani. Kichukueni hiki kinanda, nakuazimeni. Sharti langu moja: mkishajua aliyeimba, mimi niwe wa kwanza kuambiwa."

"Nawe wamjua nani katika hao?" nikauliza.

"Watu wote tunaijua kesi hii," akasema Makame.

Ijumaa, jua lilipochomoza, tuliondoka kwa Vespa. Haji mbele, mimi nyuma, kinanda mapajani, mkoba wa sahani mgongoni. Pale Tunguu askari wa barabarani alitusimamisha.

"Hicho nini?"

"Santuri, afande."

"Inapiga?"

"Bado."

"Ikianza kupiga, pungueni mwendo," akasema, akaturuhusu bila kucheka. Hadi leo sijui kama ulikuwa mzaha. Msituni Jozani kima waliacha kula wakatutazama. Tulipofika Paje miguu yangu ilikuwa imelala, na Jambiani nilishuka kwa kuanguka.

Bi Rukia tulimkuta anaanika mwani mbele ya nyumba yake. Mwembamba, miaka sitini na kitu, kanga imefungwa kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi. Tulimwamkia.

"Marahaba. Shikeni upande ule."

Tuligeuza mwani karibu saa nzima kabla hajatuuliza majina. Mwani mbichi una uzito ambao fundi cherehani hakuumbiwa. Baadaye akanawa mikono, akaomba aione sahani. Aliishika kwa kingo tu, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha jicho juu yake kama anayesoma barua.

"Hii imepigwa mara chache," akasema. "Aliyekuwa nayo alikuwa anaipenda au anaiogopa."

"Vyote viwili," nikasema.

Aliingia ndani akatoka na kopo la poda. Ndani yake, katika pamba, kilikuwemo kichwa cha santuri, kidogo kama kifundo cha kidole, na sindano yake nene chini. Nilimuuliza kuhusu stirio ya Darajani. Nilimwambia yale ya Shangazi kulia na Bi Saada kushoto. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Muuzaji."

Akauchora mfereji wa sahani mchangani kwa kidole, ukienda kulia na kushoto, kulia na kushoto.

"Zigizaga," nikasema. Walau hilo nilikuwa nalijua.

"Haya. Sauti ya sahani hii iko hapo tu, ubavuni. Juu na chini hamna kitu, ila vumbi na mikwaruzo. Kichwa cha stirio kinasikiliza na juu na chini, kwa hiyo kitakuletea wimbo pamoja na takataka zake zote. Hiki changu kinasikia ubavuni tu. Takataka nyingi kinaziwacha huko huko. Na hizo spika mbili, utamsikia mtu yule yule kotekote. Walisimama mbele ya maikrofoni moja, mwanangu. Fidla, ganuni, dumbaki, waitikiaji, wote. Hapakuwa na kulia wala kushoto. Aliyetaka kusikika alisogea mbele."

"Sasa tutamjuaje aliyeimba?"

"Kwa masikio. Mnayo?"

Nilimwomba atuazime kile kichwa. Akafunga kopo. Akasema hakijapanda gari bila yeye tangu aache kazi, na hakitaanza leo. Akaingia ndani, akarudi amevaa buibui, akaenda moja kwa moja kwenye Vespa na kukaa kiupande nyuma ya Haji, kopo mkononi, kinanda amekipakata. "Twende, nna umri wa kukuzaa," akamwambia Haji aliyekuwa anaona haya.

Nikauliza, "Na mimi?"

Mimi nilirudi mjini mchana ule na gari la kubeba mwani, nimekaa juu ya magunia, mkoba wa sahani nimeukumbatia. Dereva alikuwa mkarimu. Lakini nilipoingia uani kwa Shangazi, kuku walinifuata.

Jumamosi asubuhi tulianza kazi. Haji alileta chupa ya spiriti ya kusafishia sahani. Bi Rukia alimwambia aiweke chini taratibu kama anaweka bomu, kwa kuwa spiriti huyeyusha sahani za aina hii. Badala yake aliifunika ile karatasi nyekundu kwa kisosi, akaiosha sahani kwa maji ya mvua yaliyochujwa na tone la sabuni, akifuata mzunguko wa mifereji, kisha akaisimamisha kivulini ikauke.

Wakati inakauka nilitumwa kwa Bi Saada. Nilimkuta katikati ya masanduku, mama mnene wa uso mzuri, anakunja kanga. Nikamwambia sahani iko tayari, anakaribishwa.

"Nafunga mizigo," akasema. "Na huko kwake siendi. Mwambie asikilize mwenyewe, atanisikia."

"Bi Saada, kesho unaondoka."

"Ndo maana nafunga mizigo."

Mikono yake lakini ilikuwa imesimama, na ile kanga alikuwa ameikunja na kuikunjua mara tatu mbele yangu.

Nilirudi na jibu hilo. Shangazi akageuza uso upande wa jiko. Alisema sawa, kama hataki basi, sahani irudi Morogoro chini ya jora. Bi Rukia alichukua spika iliyotolewa kwenye redio ya zamani ya Shangazi, spika moja tu, akaipima pima, akamwamrisha Haji aipandishe juu ya ukuta wa uani.

"Upande gani?" akauliza Haji. "Huku au kule?"

"Ilaze, itazame juu. Wimbo huu hauna upande."

Basi ndivyo tulivyokaa. Spika juu ya ukuta, Shangazi kwenye kigoda chake upande huu, na upande wa pili kimya kilichotuambia kwamba kufunga mizigo kumesimama. Bi Rukia akapuliza sindano, akakishusha kichwa.

Zilikuja fidla. Kwa mbali kulikuwa na mchakacho mdogo kama mvua nyepesi juu ya makuti, na mbele yake fidla, halafu ganuni, wazi kabisa, watu wa kweli wanaopiga chumbani. Mwimbaji mkuu akaingia. Waitikiaji wakaitikia. Shangazi alikuwa amefumba macho na midomo inakwenda. Kisha vyombo vikapungua, na ikatoka sauti ya msichana, nyembamba, inayotetemeka kidogo mwanzoni na kusimama imara mwishoni. Mstari mmoja.

"Mimi huyo!" akasema Shangazi.

"Mimi huyo!" ikasema sauti ya upande wa pili, wakati ule ule.

Na hapo hapo, kabla ganuni haijamaliza zamu yake, msichana yule akaanza mstari unaofuata mapema mno, nusu neno, akagundua, akanyamaza. Katika sahani unasikika kabisa ule mshtuko. Hata dumbaki lilipepesuka.

Shangazi akafumbua macho.

"Huyo aliyewahi ni Saada," akasema Shangazi.

"Ati nini?"

Mlango wa uani ulisukumwa bila hodi. Bi Saada aliingia ametanda kanga ya kufulia, miguu mitupu. "Mimi niliwahi? Zuhura, mimi? Dunia nzima inajua wewe ndiye hukuwa na subira!"

"Sasa hivi umesema huyo ni wewe!"

"Nimesema mstari! Sikusema kosa!"

"Mstari na kosa ni mdomo mmoja!"

"Nyamazeni," akasema Bi Rukia, na kwa mshangao wangu wakanyamaza. Aliirudisha sindano nyuma, akafumba macho. Tukasikiliza tena ule mstari. Akaurudia mara ya tatu. Kisha akasema, "Pumzi. Sikilizeni mwanzo. Kuna pumzi inavutwa, halafu kuna nyingine nyuma yake kidogo. Sauti moja haivuti pumzi mara mbili."

Mara ya nne niliisikia hata mimi. Pumzi mbili.

"Mlikuwa wawili," akasema Bi Rukia. "Mmeimba pamoja, mmelingana hadi mmekuwa mmoja. Aliyewahi ndiye alikuwa peke yake, na ni nusu neno. Hiyo siwezi kuwaambia ni nani."

Wale mabibi walitazamana. Polepole, Bi Saada akaweka mkono mdomoni. "Kigoda," akasema. "Zuhura, kile kigoda! Tulikuwa wafupi, hatuifikii maikrofoni."

"Tukapandishwa wote wawili," akasema Shangazi. "Umenishika kiuno nisianguke."

"Wewe ndo ulinishika mimi!"

Na wakaanza upya. Lakini sasa Bi Saada alikuwa amekaa, ameshikilia mkono wa mwenzake, na walikuwa wanacheka hadi machozi, na baadaye yakawa machozi tu. Haji akaurekodi wimbo kwa simu ili Bi Saada aende nao Maskati. Bi Rukia alikunja uso, kisha akakubali, kwa kuwa simu ile nayo ilikuwa na maikrofoni moja.

Jumapili tulimsindikiza Bi Saada uwanja wa ndege. Ndani ya teksi walibishana njia nzima kuhusu aliyewahi, wamekumbatiana. Mlangoni, Shangazi alipokwenda kutafuta kigari cha mizigo, Bi Saada alinivuta mkono. "Aliyewahi ni mimi," akaninong'oneza. "Nilikuwa na hofu nitasahau. Usimwambie, nakuomba."

Jumatatu niliiaga Mpendae. Sahani niliiacha kwa Shangazi, kinanda kilirudi kwa Makame hadi safari nyingine, na kichwa kilirudi Jambiani mkononi mwa mwenyewe, aliyeahidi kuja nacho kila baada ya miezi michache, sharti apikiwe biriani. Sikununua chombo chochote. Niliyojifunza ni kwamba sindano nyembamba si bora kwa kila kitu, kwamba sauti iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja inatosheka na spika moja, na kwamba fundi wa kazi yake anapoingia kwenye kazi ya mwingine ni vizuri atikise kichwa kidogo kuliko nilivyotikisa mimi.

Pale bandarini Shangazi alinishika bega, akatazama huku na huku.

"Abdalla. Yule aliyewahi ni mimi. Ganuni ilinibabaisha. Lakini Saada asijue, mwache aendelee kubisha, atapiga simu kila siku."

Nikamwambia, "Sawa, Shangazi." Nikapanda boti. Makame amenipigia mara mbili kuuliza ni nani, na mara zote mbili mtandao umekatika upande wangu.